Dalali Aliyetangaza Kasoro Yake

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Alipougua, kila mtu kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini aliuliza ukoo wake una nini, na swali hilo lilimletea hasara ya kutosha. Nitaanza na mdomo wake, kwa sababu ndio uliomlisha na ndio uliomponza.

Tulimwita Dalali. Madalali wa mifugo ni wengi kama kupe, lakini ukisema Dalali ukanyamaza, watu walijua ni yule mzee wa koti la suti la kahawia na gambuti nyeusi, mwenye sauti inayosikika kabla hajaonekana. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya mwenye ng'ombe na mnunuzi na kuhakikisha hakuna anayeelewa sana.

Mimi pia ninajulikana. Nilitoka Machakos na sanduku moja, nikaosha chupa za maabara za watu wengine, nikajisomesha mpaka nikapata diploma ya maabara, nikaenda Doha nikafanya kazi mahali ambapo sakafu ni safi kuliko sahani za hoteli nyingi za hapa. Wenzangu hurudi na televisheni kubwa. Mimi nilirudi na mashine ya kupima damu na hadubini ya Kijerumani, nikafungua maabara Kitengela, ghorofa ya kwanza, na diploma nimeitundika mahali ambapo huwezi kukaa bila kuiona. Nasema haya si kwa kujisifu, ni ili msomaji ajue anasimuliwa na nani.

Siku ya kwanza Dalali kuingia pale, aliitazama ile diploma kwa muda mrefu, mikono mgongoni.

"Ero," akasema, neno la Kimaasai la kumwita kijana, "hii ni digrii?"

"Ni diploma, mzee."

"Kwa hivyo ni ndama." Akafikiri kidogo. "Si mbaya. Hata ndama huuzwa."

Tukawa marafiki, ingawa ilinichukua muda.

Alikuwa na tabia ya kutazama meno ya watu. Ukimsalimu "Sopa", anajibu "Ipa" huku macho yake yakiwa kwenye fizi zako. Alimtazama hivyo mchungaji wetu mpya akiwa madhabahuni, kisha akatangaza nje, baada ya ibada, kwamba mchungaji ana miaka mitano zaidi ya ile aliyoambia kamati. "Mnyama hana umri," alisema. "Ana meno." Umri wake mwenyewe ulibadilika kulingana na msimu. Akitaka heshima alikuwa mzee wa makamo yaliyoiva, na akitaka kumdharau mtu alikuwa kijana bado.

Alikuwa shemasi. Jumapili alisoma Neno kwa sauti iliyotetemesha vioo vya kanisa, na siku ya soko alimwapia mnunuzi kwamba fahali yule hakohoi, anacheka. Mchungaji alipomwita kumwonya, Dalali alisikitika kweli. "Mchungaji, mimi sidanganyi. Huyo ng'ombe hana mdomo wa kujieleza. Mimi namsaidia."

Alichoma sindano mafahali wenye hasira bila kufumba jicho. Nilipotaka kumtoa damu yeye, tone la kujaza kichupa kidogo, aliniomba nimwimbie. Nikamwambia Doha hatukuwa tukiimbia wagonjwa. "Ndiyo maana ulirudi," akasema, akageuza uso ukutani.

Na bado, kiangazi kile kibaya kilipotukausha, mwanamume huyuhuyu alitembea na ng'ombe wa mjane jirani yake mpaka Entarara, kule kwa mashamba ya Loitokitok, kutafuta mabua ya mahindi. Huko ndiko alikokutana na mkulima mmoja mkimya aliyewaachia ng'ombe wale shamba lake lote. Walipeana fahali kama kumbukumbu, na kuanzia hapo kila mmoja alimwita mwenzake "pakiteng", jina la watu waliopeana ng'ombe. Nasema habari za huyo mkulima wa Entarara kwa sababu miaka ilipopita kijana wake, fundi wa mitambo kule Magadi, alimpenda binti ya Dalali, mwalimu wa shule ya msingi Isinya. Wazee walifurahi kuliko maharusi. Mazungumzo yakaanza.

Wakati huohuo Dalali akaanza kuchoka.

Katika kaunti yetu, ukichoka una taifodi, na ukichoka sana una brusela, homa itokayo kwa mifugo. Alitibiwa zote mbili. Alipokuja kwangu alikuwa na madoa ya zambarau miguuni, na alipofungua mdomo kunitania niliona fizi zake zinavuja damu. Yeye aliyetazama meno ya kaunti nzima hakuwa ameyatazama yake. Nilipaka tone la damu yake kwenye kioo, nikakiweka chini ya hadubini. Chembe nyeupe zilizokomaa zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mahali pake palikuwa pamejaa chembe changa, kubwa, zisizojua kazi, zimesongamana kama watoto wa darasa la kwanza waliovamia ofisi ya mwalimu mkuu. Kuna watu wenye digrii ambao wangeandika brusela mara ya pili. Mimi sikuandika. Nilimwambia hiyo ni kansa ya damu, ile ya haraka, na tunaenda Nairobi leo.

"Kwa gari lako?"

"Kwa gari langu."

"Basi ni mbaya," akasema. "Hujawahi kunibeba."

Daktari wa damu alikuwa mama mdogo wa umbo, mpole, asiyeharakishwa na mtu. Alimuuliza umri.

"Hamsini na mbili," akasema Dalali.

Mkewe akakohoa.

"Hamsini na tano."

Mkewe akakohoa tena.

"Mama, ukiendelea kukohoa nitafika mia!"

"Umri unanisaidia," daktari akaeleza. "Unanionyesha mwili utavumilia dawa kiasi gani, na tutarajie nini."

"Basi andika ule mdogo, tutarajie mazuri."

Daktari aliomba kitambulisho. Halafu alimdunga sindano ya kutoa uboho kwenye mfupa wa nyonga, na Dalali aliimba mwenyewe, wimbo wa tenzi wote mpaka ubeti wa mwisho. Tukaambiwa kitanda kitapatikana Jumatatu, dawa zianze siku hiyo. Uboho ungepelekwa kwa kipimo kingine. "Tutaangalia jeni," daktari alisema. "Majibu ya jeni ndiyo yatakayotuambia huu ugonjwa wako ni wa tabia gani, kama dawa peke yake itatosha au tutahitaji kukupandikiza uboho wa mtu mwingine."

Kwenye gari, tulipofika Mlolongo, Dalali akaniuliza, "Jeni si ni ile kitu mtoto anatoa kwa baba?"

"Ndiyo, lakini si kila—"

"Nimesikia," akasema, akafumba macho, na nilipomaliza kueleza alikuwa anakoroma. Kumbe hakuwa amelala. Alikuwa anahesabu ndama. Mtu aliyeishi na mifugo anajua jambo moja kuhusu damu: fahali akiwa na kasoro, usitazame fahali, tazama zizi.

Jumamosi ile wageni wa Entarara walikuwa waje nyumbani kwake Kajiado kuendeleza mazungumzo. Nilikuwepo, kama rafiki wa familia na mtu aliyesafiri. Dalali alikuwa amevaa koti lake, bado mnene, uso uking'aa, na alikula ubavu wa mbuzi peke yake kwa sababu mkewe alimwambia atahitaji nguvu. Wageni walipokwisha kunawa, akasimama.

"Pakiteng," alimwambia mkulima wa Entarara, "mimi na wewe tumetoka mbali. Sitaki useme kesho hukuambiwa. Damu yetu hapa iko na kasoro. Imeonekana kwa jeni. Mimi niko nayo, na mtoto ni wangu. Huyu msichana siwezi kukupa nikiwa nimenyamaza."

Hakuna aliyetafuna. Miaka yote ile ya kuuza wanyama vipofu kwa watu wanaoona, na kasoro ya kwanza kuitangaza ikawa ya mtoto wake. Nilijaribu kusimama kusema jambo la kitaalamu, lakini mkulima alikuwa ameshainuka. Alitushukuru kwa chakula, akachukua fimbo yake, na wenzake wakamfuata.

Binti alitoka jikoni.

"Baba, umenitangaza kama mbuzi mwenye homa!"

"Nimesema ukweli, mama."

"Leo ndio umeamua kuanza?"

Majibu ya jeni yalitoka akiwa wodini, dawa nyekundu ikimwingia mkononi. Daktari alikaa kando ya kitanda, jambo lililonifanya nimheshimu. Alieleza kwamba ndani ya zile chembe mbaya kipande cha kromosomu ya nane kimehamia kwenye ya ishirini na moja, na cha ishirini na moja kimehamia kwenye ya nane.

"Nani aliwaruhusu?" Dalali akauliza.

Nikamsaidia daktari, kwa sababu haya ni mambo ninayoyajua. Nikasema ni kama ploti za Kitengela: majirani wawili wamebadilishana kona bila kumwita mpima ardhi, sasa kila mmoja anajenga kwa ramani ya mwenzake, na nyumba haziishi kuota. Daktari alinitazama kwa muda, kisha akasema mfano si mbaya.

"Kasoro hizi ziko kwa makundi," akaendelea. "Kuna kundi baya, la katikati, na zuri. Hii yako iko kundi zuri. Inaelewana na dawa."

Dalali alijiinua kwenye mto. "Mnasikia? Mimi ni gredi ya kwanza!"

"Kundi zuri si ahadi, mzee. Wengi hupona kabisa. Wengine ugonjwa unarudi."

"Wengi ni wangapi?"

"Sitakupa nambari. Wewe si wengi, wewe ni mmoja."

"Daktari, niambie bei ya mwisho."

"Hakuna bei ya mwisho. Tunamaliza dawa, tunaangalia uboho, tunaongea tena."

Alipogeuka kurekebisha dripu, Dalali alininong'oneza, "Huyu mama angekuja soko ya Kajiado, sisi wote tungerudi kulima."

Halafu akamgeukia daktari. "Na watoto wangu?"

"Watoto wako hawana," daktari akasema. "Hukuzaliwa na kasoro hii. Imetokea ndani ya uboho wako ukiwa mtu mzima, na inakaa humohumo. Hukumpa mtu. Ziko familia chache ambazo ugonjwa huu unazirudia kizazi hadi kizazi. Tumewauliza vizuri, nyinyi si mojawapo."

Dalali alivuta shuka mpaka kidevuni. "Ero," akaniambia, "nimechafua mtoto bure."

Akaomba simu palepale.

"Pakiteng, ile kitu nilisema si kweli."

"Gani?" Sauti ya Entarara ilikuwa tulivu sana.

"Ya damu."

"Kwa hivyo wewe si mgonjwa?"

"Mimi ni mgonjwa."

"Na damu?"

"Damu ni mbaya. Lakini ni mbaya yangu peke yangu."

"Tumesikia," ikasema simu, ikakatika.

Alipiga tena wiki iliyofuata, na nyingine. Kila mara walisikia. Alikonda, nywele zikaisha, homa ikamwangusha karibu atuache, na kitu alichokuwa akiuliza akizinduka si kama atapona. Aliuliza kama Entarara wamepiga. Binti alikaa kando yake akisahihisha madaftari ya wanafunzi, hamsemeshi, na hamwachi.

Basi nikaenda Entarara mimi mwenyewe. Nilijiambia jambo hili linahitaji msomi. Nilibeba nakala ya diploma, nikaomba sahani ya githeri, na mbele ya wazee wa nyumba ile nikatenganisha mahindi na maharagwe, nikawaonyesha jeni za kurithiwa na kasoro inayozaliwa ukubwani. Sitajificha: lilikuwa somo bora kuliko yote niliyowahi kusikia, hata Doha. Mkulima alisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai.

"Umesoma sana," akasema.

"Mzee, umeelewa?"

"Damu nimeielewa. Yule Dalali ndiye simwelewi."

Kijana wa Magadi alinisindikiza mpaka kwa gari. Aliniomba nimpelekee mwalimu wa Isinya barua. Nilimwambia mimi si posta, nikaipeleka.

Uboho ulipopimwa tena haukuwa na chembe mbaya hata moja iliyoonekana. Daktari alisema hiyo ni hatua, si mwisho, na kuna mizunguko mingine ya dawa za kuufukuza ugonjwa kwenye pembe. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine alimruhusu arudi nyumbani Kajiado. Alasiri moja tulikuwa tumekaa sebuleni, yeye, mkewe na mimi, koti la kahawia likimning'inia kama limeanikwa juu yake, mlango ukagongwa. Mkulima wa Entarara akaingia peke yake, amebeba kibuyu cha maziwa.

"Sopa."

"Ipa."

Alisimama pale mlangoni. Alitazama kichwa kisicho na nywele, shingo, vifundo vya mikono. Akakiweka kibuyu chini.

"Kumbe ulikuwa mgonjwa kweli," akasema.

"Sasa nilikuambia nini siku zote?"

Mkulima akakaa. "Pakiteng, nikuulize wewe mwenyewe. Rafiki yako anakuja kwako kutaka mnyama, na huyo mnyama umeshamwahidi mtu mwingine. Huwezi kumwambia rafiki 'sikupi'. Unafanyaje?"

"Namtukana mnyama," Dalali akasema polepole. "Nasema anaharisha, ana jicho baya. Rafiki anaenda zake bila aibu."

"Mimi nimenunua kwako miaka mingapi? Umewahi kuniambia mnyama wako ana kasoro?"

"La."

"Nilikukuta hapa umenona, unakula ubavu mzima, unaniambia damu ya mtoto ni mbaya. Nikamwambia kijana, tumekataliwa kwa heshima, Dalali amepata tajiri. Halafu unapiga simu, mara ni mgonjwa, mara si mgonjwa, nikasema sasa huyo tajiri amekimbia, ndiyo anaturudia. Halafu," akanielekezea kidole, "ukatutumia huyu na maharagwe."

"Kwa hivyo hamkuogopa damu?"

"Damu gani? Ng'ombe wangu wawili wana kasoro na nawapenda."

Mke wa Dalali akauliza kilichokuwa muhimu. "Na kijana amepata kwingine?"

"Amekataa kutafuta. Ndiye amenituma. Amesema niende nikaone kwa macho."

Hapo Dalali akacheka. Alicheka kama alivyocheka sokoni, kichwa nyuma, mpaka pua ikaanza kutoka damu, maana dawa zilikuwa zimemmalizia chembe za kugandisha. Mkewe akapiga mayowe, mkulima akashika kibuyu kana kwamba kingesaidia. Mimi nikachukua usukani: nikamwinamisha mbele, nikambana pua, nikawaambia wote watulie. Na bado chini ya vidole vyangu alikuwa anatikisika kwa kicheko. "Namtukana mnyama," alikuwa akisema kwa sauti ya puani. "Wuui, namtukana mnyama."

Siku ya harusi ikapangwa, Desemba, shule zikifungwa.

Mara ya mwisho kukaa naye nikiwa na jambo la kumwambia ilikuwa mwezi wa nane. Alikuwa amemaliza dawa, nywele zimerudi zenye mvi ambazo alizikana, na soko lilikuwa limempokea kama fahali aliyepotea. Alikuwa anakuja kwangu kila mwezi kwa kipimo, kama daktari alivyoagiza. Alikaa kwenye kiti, akanipa mkono, akaanza kunieleza jinsi alivyomuuzia mtu wa Rongai mbuzi kiziwi. "Nilimwambia huyu hasumbuliwi na kelele za matatu."

Nilikuwa nacheka nilipoinamia hadubini. Nikasogeza kioo. Nikakisogeza tena. Nikabadilisha lenzi, ingawa hakukuwa na haja. Zilikuwa chache, zile chembe changa, lakini nilizitambua kama unavyotambua watu waliowahi kukufanyia vurugu nyumbani.

Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kulikuwa na mambo ya kweli ya kusema: kwamba ugonjwa ukirudi kundi zuri halina uzito uleule, lakini mlango haujafungwa, kwamba kuna kupandikizwa uboho, kwamba ndugu zake wangepimwa. Niliinua kichwa ili niyaseme. Dalali alikuwa ananitazama usoni, si kwenye meno.

"Usiseme," akasema. "Nimekaa na wanunuzi maisha yangu yote. Desemba ni mbali?"

"Sijui, mzee."

"Wewe ukisema hujui, ni mbali."

Alitoa simu, akaiweka mezani akapiga kwa spika, kwa sababu mkono wake mmoja bado ulikuwa umebana pamba pale nilipomchoma.

"Pakiteng! Habari ya Entarara?"

"Nzuri. Na huko?"

"Huku nyasi imejaa. Nimekuwa nikifikiria hii maneno ya Desemba. Desemba jua litakuwa kali, ng'ombe watakuwa wamekonda, wageni watakula mifupa. Kwa nini tusifanye mwezi huu? Mchungaji yuko, watoto wenyewe wanatakana."

Nilisikia kuku wa Entarara.

"Ni nyasi tu?" mkulima akauliza.

"Ni nyasi tu."

Nikawasikia tena wale kuku.

"Sawa, pakiteng," ikasema sauti. "Tutakuja kabla haijaisha."

Dalali alizima simu, akaifuta kwa kiganja, akairudisha mfukoni. Halafu akasimama na kuanza kufunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, mpaka cha juu kabisa.

"Leta funguo za gari," akaniambia. "Yule mama wa Nairobi hajanipa bei ya mwisho, na mimi sijaondoka sokoni."